L ya Kulia

Mwalimu Mwandawiro alistaafu shule, lakini shule haikumtoka. Miaka thelathini na mmoja alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Taita, na hata baada ya kukabidhi funguo za ofisi aliendelea kusahihisha watu: mhubiri akiwa madhabahuni, karani wa chifu, mama muuza nyanya pale stendi ya Voi. Walimvumilia kwa sababu alikuwa mtu wa maana. Alikuwa na pikapu, na nyuma ya pikapu ilikokotwa trela ya magurudumu manne iliyobeba tangi la maji, na maji hayo yalipelekwa Sagalla, mlimani, ambako mifereji hutoa upepo mtupu wiki nzima. Ukiwaletea watu maji watakuvumilia hata ukiwasahihisha ngeli.

Aliyeendesha gari hakuwa yeye. Alikuwa Ndambuki, Mkamba wa Mahoo kule Taveta, aliyekuja Voi angali kijana na sasa alikaa mtaa wa Sikujua na mkewe Kavinya na binti yao Mutindi. Ndambuki alikuwa ameshika usukani miaka ishirini na miwili bila kugonga hata mbuzi. Hakuwa mtu wa maneno. Ila alikuwa na tabia moja iliyomkera Mwalimu kupita zote. Kila akipanda Sagalla alisimama njiani mara mbili, akashuka, akaizunguka trela nzima akigusa kila tairi kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Tairi likiwa na joto kuliko wenzake alijua lina shida. Akimaliza alijifuta mkono kwenye suruali akaendelea na safari. Shughuli hiyo ilichukua dakika nne, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameipima kwa saa, alisema dakika nne mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima, ni kipindi kizima cha somo kinachopotea bure.

Ndipo Abby, binti wa Mwalimu anayefanya kazi Mombasa, akaleta vifaa. Vilikuwa vifuniko vinne vidogo vyeusi, kila kimoja cha kufungwa kwenye tairi la trela pale pa kujazia upepo, pamoja na kioo kidogo cha kubandikwa mbele ya dereva. Kifuniko kinapima upepo na joto la tairi na kupeleka habari kwenye kioo. Upepo ukipungua au joto likizidi, kioo kinawaka nyekundu mahali pa tairi hilo na kupiga kelele. Mwalimu aliviita vihisio. Ndambuki aliviita vile vitu.

"Sasa hakuna haja ya kusimama," Mwalimu alimwambia. "Tairi likiwa na shida litasema lenyewe."

"Sawa, Mwalimu. Lakini mkono hauishi betri."

"Ndambuki."

"Sawa, Mwalimu."

Na kweli akaacha kuzunguka. Alikuwa mtu wa kutii, na huo utii wake Mwalimu aliupenda sana.

Vifuniko hivyo vilikuwa na sharti moja. Kila kimoja kilikuwa na mahali pake. Cha nyuma kulia ukikifunga kushoto, kioo hakitajua. Kitaendelea kudai kwamba kinachopimwa ni tairi la nyuma kulia. Kiwandani walivibandika vikaratasi vya namba, lakini jua la Voi na tope la Sagalla vilivibandua kabla wiki haijaisha. Tena Voi kitu kinachofunguka kwa vidole viwili si kitu cha kuachwa nje, kwa hiyo kila jioni Mwalimu alivifungua vyote, akavitia katika mkebe wa majani ya chai, akalala navyo ndani. Asubuhi alivifunga tena mwenyewe. Alihitaji alama.

Alikaa mezani na kalamu ya wino mzito. Kulia aandike K. Lakini kushoto nako ni K. Mtu mwingine angeandika kwa Kiingereza akaenda zake kunywa chai, ila Mwalimu hangekubali kushindwa na lugha yake mwenyewe katika nyumba yake mwenyewe. Akaokota herufi inayoyatenganisha maneno hayo: kulia akaipa L, kushoto akaipa S. L1 mbele, L2 nyuma. S1 mbele, S2 nyuma. Aliona ni kazi safi kabisa. Alimweleza Wakio, mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Na mtu mwingine akisoma?" Wakio aliuliza.

"Mtu mwingine hatasoma. Nafunga mwenyewe."

Ikawa hivyo miezi minne.

Jumatano moja ya Februari Mwalimu alikuwa na siku yake ya kliniki. Alikuwa na presha, na aliyejua upepo wa matairi manne mpaka nukta hakuwa akijua wa mwili wake mpaka aambiwe na nesi. Alitaka kuwahi foleni, kwa hiyo akatoka mapema, mkebe akauacha kwenye kiti cha pikapu. Alimpigia Ndambuki simu akiwa njiani.

"Vifunge wewe leo. Vimeandikwa, wewe soma tu."

Ndambuki alisoma. Gereji zote alizopitia, na barabarani, mtu anaporudisha lori nyuma huku mwenzake akimwelekeza kwa kelele, pande ni mbili tu: left na right. L1 akaifunga kushoto mbele, L2 kushoto nyuma. S hakuielewa, lakini L ikishapata mahali pake, S ingekwenda wapi tena isipokuwa upande uliobaki? Alikaza vizuri. Kioo kikaonyesha kijani mahali pote panne. Akajaza tangi, akashika njia ya mlimani.

Saa nne kasoro simu ya Mwalimu ililia akiwa kwenye benchi la kliniki, wa pili kutoka mlangoni.

"Mwalimu, hii kitu inalia."

"Tairi gani?"

"Inaonyesha ya nyuma, right."

"Kulia."

"Eeh, inalia sana."

"Nasema huo upande unaitwa kulia, Ndambuki."

"Kulia, Mwalimu. Nimeshuka nimeishika. Haina moto, upepo iko. Haina shida."

"Basi kifaa kimechanganyikiwa na hili jua."

"Wacha nizunguke nishike hizi za upande ule mwingine."

Mlango ulifunguliwa, nesi akatoa kichwa na kuita jina la Mwandawiro. Mwalimu aliinuka na simu sikioni. Kama kuna kitu alichokuwa akikidharau maisha yake yote ni mtu wa kuitwa jina na kuchelewa.

"Utazunguka nini na kioo kimekwambia ni nyuma kulia? Umeliangalia, liko sawa, kwisha. Zima hiyo sauti uende. Watu wamepanga mitungi tangu alfajiri."

Upande wa pili kifaa kilikuwa bado kinapiga kelele.

"Nizime?"

"Zima."

"Sawa, Mwalimu."

Presha yake siku hiyo ilikuwa juu. Nesi alimwambia apunguze mawazo.

Tairi la nyuma kushoto, lililokuwa likivuja tangu chini ya mlima na kuchemka kwa uzito wa maji, lilipasuka kwenye kona ya tatu, ile ambayo upande wake wa kushoto hauna kitu ila mawe na bonde. Trela ililala, tangi likaivuta, trela ikaivuta pikapu. Wanawake waliokuwa wakingoja maji walisikia kishindo wakateremka mbio, na ndio waliomtoa Ndambuki. Alikuwa ameshakata roho. Walimfunika kwa leso zao.

Siku hiyo hiyo, alasiri, Mwalimu alisimama kwenye uwanja ambako mabaki yalikuwa yamevutwa, karibu na askari wa trafiki aliyekuwa akiandika. Hakutaka kuitazama pikapu, kwa hiyo alitazama trela. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Tairi lilikuwa limebaki vipande, lakini rimu ilikuwepo, na kwenye rimu kifuniko kilikuwepo bado, na juu yake mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa ubaoni: L2.

Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja hahitaji kusoma mara mbili. Aliiona njia yote kwa pamoja, tangu mezani kwake mpaka kwenye kona. Ndambuki alipewa jina la upande usio na shida, akaenda akashika tairi lisilo na kosa, kisha akaomba ruhusa ya kuzunguka, akanyimwa. Mwalimu akashika tangi.

"Sauti ya kifaa ilikuwa imezimwa," askari alisema bila kuinua macho. "Dereva ameonywa akapuuza. Hiyo ni uzembe."

Huo ni uzembe. Mwalimu alilisikia kosa la ngeli na hakulisahihisha. Askari alipogeuka kupima mlango wa pikapu, Mwalimu alifungua vifuniko vyote vinne, kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Alijiambia anavihifadhi visiibwe.

Neno hilo, uzembe, lilifika Sikujua kabla yake. Lilifika sokoni, kanisani, lilipanda mpaka Sagalla. Watu ambao juzi walikuwa wakimsifu Ndambuki sasa walikumbuka kwamba hata macho yake yalikuwa ya usingizi siku hizi. Mashine ilimwambia, walisema. Mashine yenyewe ilimwambia, yeye akaizima. Hakukuwa na la kubishana hapo, maana mashine haina chuki na mtu.

Alhamisi Kavinya alikuja nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa na simu ya mumewe mkononi, kioo chake kimepasuka pembeni. Wakio alimkaribisha, akamshika mkono muda mrefu, kisha akawaacha sebuleni.

"Mwalimu, nimeangalia hii simu," Kavinya alisema. "Mtu wa mwisho kuongea na yeye ni wewe. Dakika mbili. Nilitaka tu kujua alisema nini."

Hapo palikuwa mahali pake pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, mlango ulikuwa umefungwa, na mwanamke alikuwa ameuliza kwa upole. Mwalimu alitazama ile simu.

"Alinisalimia tu, Mama Mutindi. Alijua niko kliniki. Aliniuliza hali."

"Hakusema gari iko na shida?"

"Hakusema."

Kavinya alitikisa kichwa taratibu. "Ni vile huyo mtu alikuwa anashika magurudumu mpaka za baiskeli ya Mutindi. Sasa naambiwa alisikia kengele akazima. Mimi hata sielewi huyo wanamsema ni nani."

Alikunywa chai nusu kikombe, akaaga. Mwalimu alimsindikiza mpaka langoni, na aliporudi ndani hakuweza kukaa. Alijichukia. Alikuwa amewachapa watoto wangapi kwa uongo mdogo kuliko huo?

Ijumaa Wakio alikagua suruali kabla ya kuifua. Aliviweka vile vifuniko mezani mbele ya mumewe, akavipanga vizuri, L kwa L na S kwa S. Yeye ndiye mtu wa pekee aliyeelezwa maana ya hizo herufi, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kesho umewekwa kwa programu ya mazishi," alisema. "Utaongea nini, Baba Abby?"

"Nitasema ukweli."

"Wote?"

"Wote."

"Na yale uliyomwambia yule mama jana? Niliyasikia nikiwa jikoni."

Mwalimu alivikusanya vifuniko, akavirudisha mfukoni.

Walimzika Ndambuki Mahoo, kwenye shamba la baba yake, kati ya migomba na mtaro wa maji. Hema mbili zilijaa. Kutoka Sagalla walikuja watu kumi na mmoja tu, wakakaa nyuma. Mutindi, msichana wa kidato cha pili, alisoma maisha ya marehemu kwa sauti ya chini, na alipofika mahali pa kazi ya baba yake aliharakisha, akageuza karatasi. Aliyeshika kipaza sauti ni mzee wa kanisa aitwaye Josephat, mtu mchangamfu, mwepesi wa kuziba mapengo ya kimya. Baada ya majirani na wa ukoo akatangaza mwajiri, dakika tatu.

Mwalimu alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha, na alipofungua mdomo yalitoka vile alivyozoea kuongea, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Ndugu waombolezaji, kosa lililomuua Ndambuki si lake. Kosa ni langu."

Watu waliguna kwa huruma. Ni maneno yanayosemwa matangani. Mwajiri mwenye adabu huyasema, kama vile mke huomba radhi kwa yale ambayo hakutenda. Mwalimu alisikia mguno huo akajua wamemwelewa vibaya, akaongeza mwendo.

"Alinipigia simu. Aliniambia kifaa kinalia. Alitaka kukagua matairi yote, mimi nikamwambia asikague. Mimi ndiye niliyemwambia azime sauti. Na hizi alama, niliziandika mimi, L nikikusudia kulia, naye akasoma L kwa Kiingereza, left, yaani..."

Alitoa kifuniko kimoja mfukoni, akakiinua. Kilikuwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kutoka hemani hakuna aliyeona kitu. Mtoto mmoja alicheka kwa kusikia Kiingereza, mama yake akamfinya. Mzee mmoja wa mbele alimwuliza mwenzake L ni nini.

"Mwalimu, asante, asante sana," Josephat alisema, akiwa ameshamfikia na kuuweka mkono begani mwake. "Mmeona utu, ndugu zangu? Mtu amepoteza gari, amepoteza trela, amepoteza tangi, na bado anasimama hapa anasema kosa ni langu. Waajiri wangapi wanaweza kubeba makosa ya mfanyakazi hivi? Hebu tumpigie makofi Mwalimu."

Wakapiga. Wale kumi na mmoja wa Sagalla walipiga kwa nguvu kuliko wote. Mwalimu alinyoosha mkono kukidai kipaza sauti, lakini Josephat alikuwa ameshamwita mchungaji, na programu ilikuwa imechelewa. Angeweza kupaza sauti. Sauti ya kunyamazisha madarasa sita alikuwa nayo. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: katikati ya makofi yale alihisi kifua kimefunguka, akapumua. Alikuwa amesema, na hakuna lililompata. Aliketi.

Baada ya kaburi kufukiwa, watu wakaenda kwenye chakula. Kavinya alikuwa mkekani nyuma ya nyumba, akizungukwa na akina mama wa kanisa. Walipomwona Mwalimu anakuja walisogea kumpa nafasi.

"Mwalimu," Kavinya alisema, "yale umesema ni ukweli ama ni maneno ya matanga?"

"Ni ukweli, Mama Mutindi."

"Alhamisi nilikuuliza. Ukasema alikusalimia."

"Nilikudanganya."

"Alitaka kuzunguka."

"Alitaka."

"Na wewe ukamkataza."

"Nilimkataza."

Kavinya hakulia. Alitazama udongo uliokuwa umemganda kwenye vidole, ule aliotupa kaburini, akaanza kuutoa kwa ukucha.

"Bwana yangu amelazwa pale na uzembe wake," alisema, "na wewe wamekupigia makofi."

Mwalimu alitamani Kavinya amtukane, lakini Kavinya hakuwa mwanamke wa matusi.

"Mimi nimekusikia," alisema tena. "Lakini mimi sikuhitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa namjua. Mwambie Mutindi."

Mutindi alikuwa kwenye pipa la maji akisuuza sahani, ingawa shangazi zake walikuwa wamemkataza. Alipomwona Mwalimu aliinuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akainamisha kichwa na kumpa mkono.

"Mutindi," Mwalimu alianza.

"Asante, Mwalimu," msichana alisema kabla hajaendelea. "Asante kwa kumsemea baba. Najua haikuwa hivyo, hata shule watu wananiambia. Lakini umemsemea vizuri."

"Hapana, mwanangu. Ilikuwa hivyo. Nisikilize."

Alivitoa vifuniko vyote vinne, akavipanga kwenye kiganja, L mbili huku na S mbili huku, akaanza kumweleza tangu mwanzo, polepole, kama alivyowaeleza watoto wa darasa la nne. Mutindi alivitazama kwa adabu, akingoja mzee amalize arudi kwenye sahani zake.